Santuri za Mzee au CD? Sikiliza Kwanza Ndiyo Uuze

Hivi zile santuri za baba yenu ziko wapi? Usiniambie ziko stoo chini ya makopo ya rangi. Mzee akishafariki, watu hutupia jicho shamba kwanza, halafu gari, na boksi la santuri linakuwa la mwisho kabisa. Siku likikumbukwa, anayelikumbuka ni mtu mwenye shida ya pesa.

Kwetu alikuwa kaka yangu mkubwa. Alipata mnunuzi, jamaa anayezunguka akikusanya sahani za zamani na kuziuza Ulaya kwa wanaozipenda, akatutajia bei ya boksi zima, santuri 63. Bati la nyumba ya mama lilikuwa linavuja, kwa hiyo hoja yake haikuwa ya kipuuzi. "Nyimbo zote hizi zipo kwenye CD," alisema, "na kwenye simu pia. Tunatunza plastiki ya nini?" Wadogo zangu wakakubali. Mama akanyamaza. Nyie mnaowajua mama zenu mnaelewa ukimya wa namna hiyo.

Mimi nikasema sawa, kama kweli zipo kwenye CD, tuzilinganishe moja moja. CD zilikuwepo, maana mzee mwenyewe alizinunua Kariakoo miaka ya 2000, alipochoka kutafuta sindano za gramafoni. Baba watoto, ambaye ufundi wa redio ndiyo kazi yake, akabadilisha mpira uliolegea ndani ya gramafoni na kufunga sindano mpya. Akabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, akahesabu mizunguko kwa saa: 45 kwa dakika, haizidi haipungui. Hilo ni muhimu jamani. Gramafoni ikikimbia, mwimbaji mtu mzima anatoa sauti ya kivulana, halafu unailaumu santuri bure.

Tulikaa Jumapili tatu.

Sasa kwa wale mliozaliwa kwenye kaseti, ngoja niwaeleze. Santuri nyingi za dansi letu za miaka ya 1960 na 1970 ni zile ndogo za inchi 7. Upande mmoja unabeba dakika nne, tano kwa kubana. Na bendi zetu zilikuwa haziishii dakika nne! Basi wimbo ulikatwa katikati. Upande A unapewa maneno, kisa chote cha mapenzi na lawama zake. Upande B umeandikwa "sehemu ya pili", na huko ndiko kwenye chemko, magitaa yanajibizana, saksafoni inaingia, mwimbaji anatupia neno mojamoja tu. Kati ya hapo mtu anainuka kugeuza sahani. Kama mnacheza wawili, mwenzio anabaki amesimama katikati ya sebule anakusubiri.

CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na nafasi ya zaidi ya saa nzima. Ungetegemea basi kila aliyezirudia nyimbo hizo aunganishe vipande viwili. Wapo waliofanya hivyo, tena kwa ustadi, huwezi kusikia kiungo. Lakini CD moja ya mkusanyiko aliyokuwa nayo mzee ilikuwa na nyimbo 18, na sita kati ya hizo zilikuwa nusu. Sehemu ya kwanza tu, sauti inafifia, unaletewa wimbo mwingine. Ndiyo ujanja wa kuandika "nyimbo 18" kwenye jalada.

Mmoja kati ya hizo sita ni wimbo ambao wazazi wetu walicheza zamani hizo, kabla hata ya posa. Siutaji jina, mama atanichamba. CD ikaufifisha pale pale gitaa linapoanza kupanda, na mama, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Huo haujaisha. Mimi baba yenu nilimkubalia upande wa pili."

Kaka akainuka kwenda kuangalia chai.

Kuhusu sauti, wapenzi wa santuri nao wana maringo yao, eti CD haina roho. Mimi sikubaliani. Zipo sahani za mzee zilizokwaruzika hadi unasikia mvua kuliko muziki. Zile za Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, zilikuwa zimekwisha kabisa. Hapo CD ya mwaka 2000 iitwayo Ngoma Iko Huku ilitushinda wote, mama akaimba mwanzo mwisho. Halafu santuri ina udhaifu wake wa asili: sindano inapokaribia katikati ya sahani, mfereji unapita polepole zaidi chini yake na sauti inaanza kukwaruza.

Lakini CD nyingine zimeharibiwa na waliozisafisha. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania, na sahani zikatengenezwa Nairobi. Tepu halisi isipopatikana, anayetaka kutoa CD hana njia ila kuchukua sauti kutoka kwenye santuri yenyewe, kisha anaipitisha kwenye kompyuta kuondoa mikwaruzo. Akizidisha, anafuta na kayamba na matoazi, kwa sababu mlio wao unafanana na ule wa mkwaruzo. Kwenye wimbo mmoja tulimsikia mpiga kayamba waziwazi kwenye santuri. Kwenye CD hayupo, kama vile hakulipwa akaondoka. Na kuanzia miaka ya 1990 kukawa na mtindo wa kupandisha kila kitu kiwe na kelele sawa, hadi gitaa la pembeni lililotakiwa kunong'ona linapiga ukelele. Hilo la kwenye simu lisikudanganye pia, mara nyingi ni ile ile CD imehamishiwa huko.

Mwisho wa Jumapili ya tatu tulikuwa na mafungu. Santuri 21 tuliona CD inazitosheleza au mama hana habari nazo. Kaka akaziuza, na kwa bei nzuri kuliko tulivyotarajia, maana mnunuzi alijua anachokitafuta. Saba zilikuwa zimepasuka. Zilizobaki 35 zimesimamishwa wima kabatini, si kulazwa, zikilazwa juu ya jua la Dar zinapinda kama chapati. Pesa ya bati haikutimia, tukachangishana wanne kufidia, na kaka ndiye aliyetoa nyingi bila kusemwa.

Wiki iliyopita alipiga simu kwa baba watoto, akamwomba amrekodie ule wimbo wa mama, sehemu zote mbili, ausikilize garini. Akauliza kama inawezekana kuunganisha. Inawezekana, ni kazi ya dakika kumi. Mama alikuwa jikoni anasikia, akasema waiache ile nafasi ya kugeuza.