Nyuso za wanawake zilipofunika mapaa ya Kibera

MNAMO Januari 2009, abiria wa garimoshi lililokatiza mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, walipita katikati ya maonyesho ya sanaa yasiyokuwa na ukumbi, lango wala tiketi.

Mpiga picha Mfaransa anayejulikana kwa jina JR alikuwa amefunika mapaa ya mabati kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo, katika eneo la takriban mita mraba 2,000.

Picha nyingine za macho zilibandikwa kwenye mabehewa, ilhali pua na midomo viliwekwa kwenye mabati mteremkoni, chini ya reli. Garimoshi lilipopita, macho yaliungana na midomo na kwa sekunde chache uso ukakamilika.

Hiyo ilikuwa sehemu ya mradi wa Women Are Heroes, yaani wanawake ni mashujaa, uliofika pia Liberia, Sierra Leone, Brazil, India na Cambodia.

Nchini Kenya, mradi huo ulikuja mwaka mmoja baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Kibera na Kawangware ni miongoni mwa mitaa ya Nairobi ambako majirani waligeukiana. Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti kuwa watu 1,133 waliuawa nchini, na ikatenga sura nzima kueleza dhuluma za kimapenzi.

Katika mazingira hayo, mwanamke kukubali uso wake utazamwe na kila mpita njia halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, jambo la kuzingatiwa zaidi ni nyenzo iliyotumika. Picha za mapaani hazikuchapishwa kwenye karatasi, bali kwenye plastiki ngumu, kwa sababu karatasi haizuii mvua. Sanaa ikawa pia kinga ya nyumba.

Hapo ndipo penye maana ya kujitunza. Wengi hulihusisha neno hilo na mapumziko na urembo. Kwa mwanamke wa Kibera au Kawangware anayerauka kutafuta kibarua cha kufua nguo na kununua maji kwa mtungi, kujitunza huanzia kwenye paa lisilovuja, njia salama ya kwenda msalani usiku, na wenzake katika chama wanaochangiana pesa na kusikilizana.

Kuna hatari, basi, katika kusifu ustahimilivu pekee. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeitwa shujaa kila siku huweza kuachiwa mzigo uliopaswa kubebwa na serikali na jamii.

Ushahidi upo. Oktoba 2017, ghasia zilizuka tena Kawangware baada ya marudio ya uchaguzi wa urais. Na ilikuwa Desemba 2020, karibu miaka 13 baada ya ghasia za kwanza, Mahakama Kuu ilipoamuru waathiriwa wanne wa dhuluma za kimapenzi, kati ya wanane walioshtaki serikali, walipwe Sh4 milioni kila mmoja.

Picha za Kibera ziliwapa wanawake heshima na kinga kwa wakati mmoja. Maonyesho yoyote yanayofuata nyayo hizo yafaa kupimwa kwa kipimo hicho hicho, kwani shujaa naye hunyeshewa.