Je, Wajua? Kuna d na kuna ∂

Derivativu ya kawaida, d, hupima kasi ya badiliko pale jibu linapotegemea kigeu kimoja tu. Vigeu vikizidi kimoja, hutumika derivativu ya sehemu, ∂: kigeu kimoja hubadilishwa, vingine hushikiliwa palepale.

Chukua pipa lenye kimo (h) cha sentimita 90 na nusukipenyo (r) cha sentimita 30. Ujazo wake ni πr²h. Ukiongeza kimo tu, kasi ni πr²: takribani lita 2.8 kwa kila sentimita. Ukiongeza nusukipenyo tu, kasi ni 2πrh: takribani lita 17!

Alama hizi zilitumiwa na wanahisabati: Leibniz alianza kuandika d mwaka 1675. Legendre alitumia ∂ mwaka 1786, kisha akaiacha. Jacobi akaifufua mwaka 1841.