Ningeshinda, Ningetoa

"Ungeshinda milioni mia moja leo jioni, ungefanya nini?" Swali hilo lilizuka Jumapili moja baada ya Misa kigangoni, vijana wakisubiri mazoezi ya kwaya. Mmoja wao alikuwa na mkeka wake kwenye simu, na mechi moja tu ilikuwa imebaki. Majibu yalikuja haraka: Ningemjengea mama nyumba. Ningelipa ada za wadogo zangu. Ningemalizia paa la kanisa. Wakanigeukia: "Frateri, na wewe je?" Nikasema ningesomesha yatima.

Yote yalikuwa majibu mazuri. Lakini juma lilelile mtoto wa jirani na parokia alikuwa ameniomba madaftari mawili, nami nikamwambia asubiri mwezi ujao. Hela nilikuwa nayo. Yatima wa "ningeshinda" nilimsomesha bila shida. Mtoto aliyesimama mbele yangu nikampiga kalenda.

Je, pesa nyingi za ghafla hubadili maisha? Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti juu ya washindi 22 wa bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani. Walipolinganishwa na watu ambao hawakushinda, washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa tofauti ya maana. Tena, mambo madogo kama kupata kifungua kinywa au kuzungumza na rafiki yaliwapa raha pungufu. Utafiti mkubwa zaidi wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba walioshinda fedha nyingi waliridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba pesa haisaidii kitu. Anayedaiwa kodi ya nyumba anajua.

Hata hivyo, kuondokewa na mzigo ni jambo moja, na kuwa mkarimu ni jambo lingine. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Nikomachea, anafundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda: mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, tena na tena, mpaka iwe tabia yake. Anaongeza kwamba ukarimu haupimwi kwa wingi wa kinachotolewa. Hupimwa kwa moyo wa mtoaji, kulingana na alichonacho. Mkristo anayesoma maneno hayo humkumbuka mara moja mjane wa Luka 21 na senti zake mbili.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anakwenda mbali zaidi: kile mtu alichonacho kupita mahitaji yake, kwa sheria ya maumbile, ni haki ya maskini. Tajiri mpumbavu wa Luka 12 naye alipata neema ya ghafla, maana shamba lake lilizaa kupita kiasi. Alipopanga matumizi, alishauriana na nafsi yake tu. Katika mipango yake yote hakuna mtu mwingine anayetajwa.

Na mchezo wenyewe je? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema michezo ya bahati na kamari si kinyume cha haki kwa yenyewe. Huwa haikubaliki pale inapomnyima mtu kile cha lazima kwa mahitaji yake na ya wengine. Tena tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa. Hapa kijana anayebeti ajiulize: hela hii ingekuwa ya nini? Kama ni nauli ya mdogo wako kwenda shule, basi unamnyima leo yule unayemwahidi kumsaidia kesho. Mkeka ukichanika, anayetembea kwa miguu ni yeye.

Ndugu msomaji, jaribu zoezi hili. Andika mambo matatu ambayo ungefanya kama ungeshinda. Chagua moja, ulifanye juma hili kwa kiasi ulichonacho. Kama ungemjengea mama nyumba, nenda ukazibe pale panapovuja. Kama ungemalizia paa la kanisa, toa mchango wako wa bati moja, au hata wa misumari.

Mimi nilinunua yale madaftari mawili siku iliyofuata. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli yangu ya kwenda mjini.