Acha Mawazo, Utapata

Mwanamke akiingia mwaka wa pili wa ndoa bila dalili ya ujauzito, ushauri huanza kumiminika, na ule wa kwanza huwa wa bure: acha mawazo. Wifi atausema jikoni, shoga atautuma kwa WhatsApp, na hata daktari mwenye foleni ndefu mlangoni huutumia kufunga mazungumzo. Maana yake ni kwamba mwili uko tayari, ila kichwa ndicho kinachozuia mimba kutunga. Kwa kuwa husemwa kwa nia njema, ni wachache wanaouliza kama una ukweli.

Kwamba kukosa mtoto kunaumiza, hilo halina ubishi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia wa Marekani, Alice Domar, na wenzake waliwalinganisha wanawake waliohangaika kupata mtoto na wagonjwa wa saratani, wa moyo na wa shinikizo la damu. Huzuni na wasiwasi wao vilikuwa vya kiwango kimoja. Ubishi uko kwingine: je, mawazo ndiyo yanayoleta ugumba, au ugumba ndio unaoleta mawazo?

Mwaka 2011 Jacky Boivin wa Chuo Kikuu cha Cardiff, kule Wales, alikusanya na wenzake tafiti 14 zilizohusu wanawake 3,583. Wote walikuwa wanajiandaa kwa matibabu ya uzazi kama upandikizaji wa mimba, na hali yao ya moyo ilipimwa kabla ya kuanza. Walioingia na wasiwasi mwingi hawakuwa na bahati mbaya kuliko walioingia wametulia. Mimba zilitunga au zilikataa bila kujali nani alilala vizuri usiku ule.

Hiyo haina maana kwamba ubongo na kizazi havijuani. Ubongo ndio unaotoa amri ya kwanza kwa ovari, na njaa kali, mazoezi ya kupindukia au mshtuko mkubwa unaweza kusimamisha hedhi kabisa. Mwaka 2014 watafiti waliowafuatilia wanandoa 501 wa Michigan na Texas walipima kwenye mate ya wanawake kimeng'enya kiitwacho alfa-amilasi, ambacho hupanda mtu anapokuwa na msongo. Waliokuwa na kiwango cha juu zaidi walikuwa na nafasi ndogo ya kushika mimba kila mwezi, pungufu kwa asilimia 29. Homoni ya kotisoli, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi watu wanapozungumzia msongo, haikuonyesha uhusiano wowote. Kwa hiyo huenda msongo unachelewesha kidogo. Lakini mirija iliyoziba haizibuki kwa mapumziko ya wiki moja Zanzibar.

Basi kwa nini kila mtu anamjua fulani aliyeacha mawazo akapata? Jibu limo kwenye hesabu. Wataalamu wa afya wa Uingereza hukadiria kwamba katika kila wanandoa 100 ambao mke hajafika miaka 40 na wanakutana mara kwa mara bila kinga, 84 watapata mimba ndani ya mwaka mmoja. Wanabaki 16. Mwaka wa pili ukiisha, 8 kati ya hao watakuwa wamepata pia, bila matibabu ya maana. Sasa fikiria hao wanane walivyoupitisha mwaka wa pili. Mmoja alikunywa mizizi ya kusafisha kizazi, mwingine alitibiwa chango, mwingine aliwekewa mikono kanisani, mwingine alisomewa dua, mwingine alichukua mtoto wa dada yake amlee, na mmoja aliambiwa aache mawazo. Kila mmoja ana ushuhuda wa kweli kabisa, na kila mganga ana mteja wa kumwonyesha. Wanane waliokosa walikunywa mizizi ileile, ila hakuna anayewaita jukwaani kutoa ushuhuda. Biashara yote ya matangazo ya kuzibua mirija yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme inaishi kwenye pengo hilo la kati ya 84 na 92.

Kitaalamu, ugumba huhesabiwa baada ya miezi 12 ya kujaribu bila mafanikio. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia hali hiyo katika maisha yake. Afrika huonekana kama haihusiki, kwa kuwa dunia inatujua kwa wingi wa watoto. Kenya ilikuwa na wastani wa watoto wanane kwa kila mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970, na ingawa wastani huo ulishafika 3.4 mwaka 2022, mazungumzo ya uzazi katika wizara zetu bado ni ya kupunguza. Anayetaka kuongeza hana dirisha la kwenda.

Historia yetu ingetukumbusha. Mwanzoni mwa karne ya 20, maofisa wa kikoloni na wazee wa Buganda na Buhaya walihofu kwamba watu wao watapungua hadi kwisha, maana nyumba nyingi hazikuwa na watoto. Kisonono na kaswende ndivyo vilivyokuwa vinaharibu uzazi, na penisilini ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, watoto wakaongezeka. Hakuna aliyewatibu mawazo watu wa Buhaya. Maambukizi bado ni chanzo kikubwa katika ukanda wetu: klamidia isiyo na dalili, mimba iliyotolewa kwa njia isiyo salama, uchafu ulioingia wakati wa kujifungua. Ndiyo maana wengi wanaohangaika tayari wana mtoto mmoja, kisha wa pili hapatikani. Huyo hata pole hapewi, kwa sababu watu humwambia ashukuru alichonacho. Na kichocho cha mkojo, tunachokidhania ugonjwa wa watoto wanaooga madimbwini, huacha makovu kwenye viungo vya uzazi vya wanawake.

Halafu kuna mwanamume. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili naye ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kupima mbegu ni kazi ya kikopo na darubini. Kupima mirija ya mke ni kusukumiwa dawa ndani ya kizazi huku ukipigwa picha ya X-ray, na waliopitia watakuambia inavyouma. Hata hivyo mke ndiye hutangulia, na mara nyingi mume hafiki kabisa. Wengi wetu tunachanganya nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba. Mwanamume anaweza kuwa imara kitandani na mbegu zake zikawa sifuri, na majibu ya namna hiyo humvunja kuliko anavyoweza kusema, maana hana hata rafiki wa kumlilia. Ukimya huo hugeuka lawama kwa mke, na lawama hugeuka kipigo. Mwaka 2016, katika kaunti ya Machakos, mwanamke alikatwa mikono kwa panga, na ikaripotiwa kuwa mumewe ndiye aliyefanya hivyo kwa sababu hakumzalia. Mwenyewe aliwaambia waandishi kwamba vipimo vya hospitali vilikuwa vimeonyesha tatizo liko kwa mume.

Mtoto kwetu hubeba zaidi ya mapenzi ya wazazi. Kupitia kwake mama hupata jina, akaitwa Mama Neema au Mama Juma hata kazini, na kupitia kwake hupata haki ya kukaa kwenye shamba la mume akifiwa. Asiye naye anaweza kufukuzwa wiki moja baada ya matanga. Wakurya wa mkoa wa Mara walilijua hilo zamani wakalitafutia njia: katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Mtu anayemwambia mwanamke wa namna hii apunguze mawazo anamtaka asiwaze juu ya paa linalomfunika.

Kwa wanaochelewa kuzaa, lawama ina sura nyingine: wasomi, wanapenda kazi kuliko familia. Mwanaanthropolojia Marcia Inhorn aliwahoji wanawake 150 wa Marekani waliogandisha mayai yao, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2023 anaeleza kuwa sababu kubwa haikuwa kazi. Walikosa mwanamume aliye tayari kuwa baba. Nadhani wanawake wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wangecheka kwa uchungu kulisoma hilo.

Mwili, hata hivyo, hausikilizi sababu. Msichana huzaliwa na mayai kati ya milioni moja na mbili, hubaki na laki tatu au nne akivunja ungo, na baada ya miaka 35 ubora wake hushuka kwa kasi. Upandikizaji wa mimba haurudishi miaka nyuma. Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha Kampala, na vichwa vya habari vikashangilia. Wachache walisoma hadi walipofika kwenye sentensi iliyosema kwamba yai lilitoka kwa mwanamke mwingine. Kwa Waislamu wa Sunni, walio wengi pwani yetu, njia hiyo imefungwa: fatwa ya chuo cha Al-Azhar cha Misri ya mwaka 1980 iliruhusu upandikizaji kati ya mume na mke tu.

Saikolojia ina kazi yake hapa, ila si ile inayotajwa jikoni. Mzigo wa moyo ni mojawapo ya sababu kuu zinazowafanya wanandoa waache matibabu katikati, hata pale ambapo nafasi bado ipo. Kuna pia wale wanaofika mwisho wa matibabu mikono mitupu. Watafiti wakiongozwa na Sofia Gameiro waliwatafuta zaidi ya wanawake 7,000 wa Uholanzi, miaka 11 hadi 17 baada ya matibabu. Walioteseka zaidi kiakili hawakuwa wale wasio na mtoto kwa ujumla. Walikuwa wale ambao bado walimtamani mtoto ambaye hakuja, na baadhi yao walikuwa na watoto tayari. Wengi wa waliokosa kabisa walikuwa wameshaiaga hamu hiyo na wanaishi vizuri.

Uholanzi mwanamke anaweza kuiaga hamu yake kwa siri, akaendelea na maisha. Kwa mwanamke wa Tanga au Kisumu, hamu si yake peke yake. Hata akiimaliza moyoni, mama mkwe bado anayo, wazee wa ukoo wanayo, na kwenye harusi ijayo kuna shangazi atakayemshika mkono na kumuuliza, mbele za watu, kama bado hajashika.