Mafunjo ya Dunga na Nyumba za Kisumu: Nani Anasimamia?

Safari hii tunataka kueleza jambo moja linalosumbua vikundi vingi vya maendeleo. Kikundi cha kijiji kimeanzisha mahali pa kutunza viumbe na kupokea wageni. Baada ya muda nyumba zinaanza kujengwa kuelekea hapo, ploti baada ya ploti. Je, serikali ya kaunti ina kazi gani katika jambo hili? Wengine husema kaunti ndiyo yenye mali, basi ifanye itakavyo. Wengine husema kaunti haina neno, maana kikundi kimeandikishwa na kina cheti. Majibu haya yote mawili yana kasoro, na kasoro hiyo imewapotezea watu mahali pao. Ili tuelewane vizuri, tutachukua mfano wa Dunga, kule Kisumu.

DUNGA NI MAHALI GANI?

Dunga iko kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, ndani ya Ghuba ya Winam, kusini kidogo mwa mji wa Kisumu. Ni mahali pa wavuvi, na kando yake kuna kinamasi kikubwa cha mafunjo, yale majani marefu ambayo wengi kule huyaita togo. Kwa miaka mingi wenyeji, wakiwemo vijana, wamekuwa wakiwapeleka wageni kwa mashua kutazama ndege na viboko, na watoto wa shule huletwa hapo kujifunza.

Mtu asiyejua akiona mafunjo atasema ni kichaka tu cha mbu. Kumbe kina kazi nyingi. Maji machafu yatokayo mtaani hupunguza mwendo yanapofika hapo, na udongo na uchafu hushikwa na mizizi kabla ya kuingia ziwani. Samaki wadogo hujificha humo wasiliwe. Kamongo hukaa humo. Akina mama hukata mafunjo wakasuka mikeka na vikapu, na wakikata kwa kiasi, hayo huota tena. Tena kuna ndege ambao makao yao ni mafunjo tu. Mmoja wao ana utosi wa njano, kifua chekundu na mgongo mweusi, na wageni hutoka mbali kuja kumtafuta. Mafunjo yakiisha, ndege huyu hahamii kwenye mwembe wa jirani. Anatoweka.

Mafunjo yakikatwa huota, lakini kinamasi kikijazwa maram hakirudi. Ndiyo sababu tunasema jambo hili ni la haraka.

NYUMBA ZINAFIKAJE HAPO?

Kwanza tuseme wazi kwamba hatuwalaumu watu wanaotafuta mahali pa kulala. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu karibu watu 400,000 katika mji wa Kisumu. Upande mmoja wa mji kuna ziwa, upande mwingine kuna vilima. Watu wataenda wapi? Mwalimu, fundi na mama mboga wote wanataka nyumba isiyo mbali na kazi.

Mambo huenda hivi. Mzee mmoja ana shamba linaloteremka hadi kwenye maji. Watoto wamekua, karo imemlemea, naye anauza. Mnunuzi anagawa shamba kuwa ploti za hamsini kwa mia. Ikiwa ni miaka ya mvua chache, ziwa limerudi nyuma, na ploti ya mwisho huonekana kavu kabisa. Lori la mawe linakuja, kisha la maram, halafu msingi. Hakuna aliyesema, "Leo tunamaliza kinamasi." Kila mmoja alichukua kipande chake tu.

Lakini ziwa lina kumbukumbu. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2019, Ziwa Victoria lilipanda, na kufikia Mei 2020 lilikuwa limefika kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Maji yaliingia majumbani, vyooni na vibandani kwenye ufuo, na Dunga haikusalimika. Basi mjenzi kwenye kinamasi huwadhuru ndege na wavuvi, na humdhuru pia mpangaji atakayelipa kodi ya nyumba hiyo.

KAUNTI INASIMAMIA NINI?

Hadi mwaka 2013 mambo ya miji yalikuwa mikononi mwa mabaraza ya miji na manispaa, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, na waziri aliyeko Nairobi alikuwa na sauti kubwa juu yao. Katiba ya 2010 ilibadilisha hayo. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kupanga maendeleo na nyumba, kuondoa takataka na maji machafu, utalii wa mahali, na kutekeleza sera za taifa za kutunza mazingira.

Angalieni vizuri orodha hiyo. Serikali ileile inayotoa ruhusa ya kujenga ndiyo inayotakiwa kulinda kinamasi. Tena inapata ada kwa kila ruhusa inayotoa, na kodi ya ardhi baadaye. Hatusemi kwamba maafisa wote ni wabaya. Tunasema kwamba kazi hizi mbili zinavutana, na mwananchi asipokuwapo, upande wenye pesa ndio utakaovuta zaidi.

Lakini kaunti si mwenye ziwa. Ibara ya 62 ya Katiba inasema maziwa na mito ni ardhi ya umma. Serikali ya taifa inaishika kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Mashamba yaliyopakana na maji yanaweza kuwa na wenyewe, kila mmoja na hati yake. Na kikundi je? Mara nyingi kikundi kina cheti cha kuandikishwa tu. Ndugu zetu, cheti cha kikundi si hati ya ardhi. Kinawapa ruhusa ya kufungua akaunti na kufanya kazi pamoja. Hakimzuii mtu kujenga.

KARATASI TATU ZA KUJUA

Basi nguvu ya kikundi itatoka wapi? Itatoka katika kuzijua karatasi tatu, kila moja na ofisi yake.

Ya kwanza ni mpango wa matumizi ya ardhi. Huu ni ramani na maelezo yanayosema hapa ni makazi, hapa ni biashara, hapa ni pa kuhifadhiwa. Kaunti ndiyo inayoutengeneza, na ni lazima wananchi waitwe watoe maoni. Kinamasi kikiandikwa humo kuwa mahali pa kuhifadhiwa, afisa ana sababu ya kumkatalia mjenzi. Kikiachwa bila maelezo, atasema nini? Kwa hiyo siku ya mkutano wa mpango ina uzito kuliko siku ya kuandamana.

Ya pili ni ruhusa ya uendelezaji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna mtu atakayejenga, kugawa shamba au kubadilisha matumizi yake bila ruhusa ya kaunti. Mwombaji anatakiwa kuwatangazia watu, ili mwenye pingamizi aseme. Ruhusa ikitolewa na hamkuridhika, mnaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo hayo. Haki hii si ya mwombaji peke yake. Hata jirani mwenye maslahi anayo. Lakini muda ni siku 14 tu tangu uamuzi. Msiporidhika tena, mnakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ya tatu ni leseni ya NEMA. Mradi mkubwa, au ulio mahali nyeti kama kinamasi, unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999. Tena kuna kanuni za 2009 juu ya vinamasi, kingo za mito na fuo za maziwa. NEMA ni ya serikali ya taifa, si ya kaunti, na rufaa ya leseni yake hupelekwa kwa Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira ndani ya siku 60. Wengi hupoteza wiki nzima wakimfokea afisa wa kaunti juu ya leseni ya NEMA, au kinyume chake, na huku siku zinahesabiwa.

NANI ANAMSIMAMIA MSIMAMIZI?

Bunge la kaunti. Ibara ya 185 inalipa bunge hilo kazi ya kuchunguza yanayofanywa na gavana na mawaziri wake wa kaunti. Mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA, hakuchaguliwa ili atoe viti na hema kwenye mazishi tu. Anaweza kuuliza bungeni ni ruhusa ngapi zilitolewa kando ya ziwa, na pesa za mifereji ya maji machafu zilikwenda wapi. Nanyi wananchi, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa haki ya kupeleka ombi la maandishi bungeni moja kwa moja.

Mkinyimwa habari, itumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mkiandika barua, ofisi inatakiwa kuwajibu ndani ya siku 21. Na mtu akiwaambia, "Nyinyi si wenye ploti, mnalia nini?", mwambieni asome Ibara ya 70. Anayekwenda mahakamani kutetea mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Chukueni wazee wanaokumbuka na vijana wanaojua simu. Tembeeni mpaka wote. Wekeni alama mahali maji yalipofika mwaka 2020, mpige picha zenye tarehe. Hii ni ushahidi, na haina gharama kubwa.

2. Andikeni barua kuomba nakala ya mpango wa ardhi wa eneo lenu. Kaeni na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hayana muhuri.

3. Wachagueni watu wawili wa kuangalia matangazo kila wiki: ubao wa kaunti, ofisi ya chifu, magazeti, na mabango kwenye ploti. Wakiona jambo, litangazwe kanisani na sokoni siku hiyohiyo. Siku 14 si nyingi.

4. Kaunti ikitaka kusaidia kujenga choo, ofisi au gati la mashua, shukuruni, lakini muwe na mapatano ya maandishi. Nani atakusanya ada ya wageni? Kwa muda gani? Nani atatengeneza kikiharibika? Msaada usio na maandishi unaweza kugeuka kuwa madai baadaye.

5. Zungumzeni na wenye nyumba na wapangaji. Nyumba iliyojengwa mahali pake, yenye choo kisichovuja kuelekea ziwani, si adui. Mpangaji anayekunywa maji na kula samaki wa ziwa hilo ni mwenzenu.

6. Na kikundi nacho kisimamiwe. Hesabu za wageni zisomwe mbele ya wanachama wote. Mwenyekiti asiyeonyesha vitabu hataweza kumwuliza gavana vitabu vyake. Tena mjenzi akija na bahasha, kikundi chenye siri ndicho huvunjika kwanza.

Tunajua wengine watasema haya yote ni mambo ya mawakili. Hapana. Kuandika barua, kwenda mkutanoni, kuhesabu siku na kutunza kopi ni kazi ambayo kikundi chochote cha akina mama wa kuweka akiba hufanya kila mwezi. Tofauti ni kujua mlango wa kubisha na kuubisha kabla msingi haujamwagwa. Baada ya hapo hata afisa mwema atawaambia kwamba kubomoa ni vigumu, na familia zilizokwisha kuhamia zitaumia bure.

Kama kikundi chenu kinatunza kinamasi, msitu au chemchemi karibu na mji unaokua, tuandikieni mtueleze mmefika wapi na karatasi hizi tatu. Wenzenu wanangoja kujifunza kwenu.