Pombe: dakika kumi na muganga

Siku ya malipo ya kahawa, wandugu, tunajua namna inapitaka. Feza inatoka kwa koperative saa ine asubuhi. Saa kumi sehemu kubwa imekwisha kubakia kwa kasiksi na kanyanga. Mama yuko nyumbani, anangojea ya jembe na ya masomo ya watoto.

Kumufokea mulevi hakusaidie. Kwa kituo cha afya kuko njia ingine, hata kama muntu alikuja juu ya malaria tu. Muganga anamuuliza: unakunywaka mara ngapi? Siku ya kunywa, glasi ngapi? Ni mara ngapi unafikisha sita ao kupita? Kisha wanafanya hesabu pamoja. Glasi moja ni gramu 10 za alkoli. Chupa kubwa ya bia, santilita 72, ni karibu glasi tatu. Aliyesema "nakunywaka mbili tu" anashangaa. Muganga hamutukane, anamuuliza yeye mwenyewe anataka kupunguza nini, tangu siku gani. Dakika 5 mpaka 15, basi.

Utafiti mwingi uliokusanywa mu 2018 ulionyesha kama, kisha mwaka moja, waliopewa mashauri hayo walipunguza karibu glasi mbili kwa juma kuliko wengine. Si mingi, tunakubali. Lakini mashauri marefu hayakuongeza sana.

Wakubwa wa komite, muombe muganga afike mbele ya siku ya malipo.

Angalisho: mwenye kutetemeka mikono asubuhi mpaka akunywe, asiache pombe kwa mara moja. Anaweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Huyo mumupeleke kwa muganga kwanza.