Umeme wa Lori Usipofika Kwenye Tela

Ukikaa kando ya barabara pale Kitomanga utaona malori yenye tela yakipita kati ya Dar es Salaam na Lindi. Wakati wa ufuta na korosho huwa mengi zaidi. Usiku tela ikikosa taa, mwenye baiskeli au pikipiki anayekuja nyuma haioni. Anaweza kuigonga akafa. Kwa hiyo ni vizuri dereva na utingo wajue jinsi umeme unavyofika kwenye tela.

Umeme unatoka wapi?

Injini ya lori huzungusha oltaneta kwa mkanda. Oltaneta hutoa umeme wa kuchaji betri. Malori makubwa mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Kisha umeme hupita katika fyuzi, kebo na plagi mpaka kwenye tela. Tela nyingi hazina betri. Lakini zipo zenye betri zake, nazo huchajiwa na lori.

Tafuta ubovu hatua kwa hatua

Tuseme betri za tela hazijai. Usikimbilie kununua mpya. Azima mita ya fundi, upime.

1. Pima betri za lori injini ikiwa imezimwa. Zikiwa zimejaa, utaona kama volti 25. Washa injini, upime tena. Mita ipande mpaka 27 au 28. Isipopanda, ubovu uko kwenye lori. Tazama kama mkanda umelegea, kisha oltaneta ipimwe.

2. Injini ikiendelea kuzunguka, pima betri za tela. Kwenye lori ukiona 28 na kwenye tela 25, umeme unapotea njiani.

3. Fuata njia hiyo. Kagua fyuzi. Fungua plagi, safisha kutu na vumbi, kaza nati. Kebo ndefu na nyembamba hupunguza umeme, kama bomba jembamba linavyopunguza maji.

4. Kagua waya wa ethi. Umeme ukienda lazima urudi. Usitegemee pini ya kuvutia tela, kwa sababu ina grisi na kutu. Weka waya wake.

5. Kama umeme wote unafika na betri bado hazijai, basi betri zimechoka.

Tahadhari

Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usivute sigara wala kushika kibatari karibu nayo. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Maji makali yakikurukia, nawa mara moja kwa maji mengi. Usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi. Lori linaweza kuungua. Usiunganishe betri moja ya volti 12 na umeme wa volti 24.

Maswali

1. Kwa nini tela isiyo na taa ni hatari?
2. Utajuaje kama ubovu uko kwenye lori au kwenye kebo?
3. Waya wa ethi una kazi gani?